Husi, Maana Yake Bata

Kaunta namba tatu, ofisi ya vitambulisho, Tabora mjini.
Binti mwenye miwani ananiuliza jina.
Husi, nasema. Husi Mihambo Kapaya.
Anaandika Huseni.
Siyo, dada.
Anafuta, anaandika Hosea.
Nyuma yangu foleni inakohoa.

Ndivyo linavyotumika jina langu:
kwa kufutwa kwanza.
Kwenye daftari la ushirika wa tumbaku mimi ni Usi,
marobota manne, daraja la pili.
Uwanjani Sikonge niliitwa Huseni
hata kocha akasahau kwamba nasali Moraviani,
mwezi wa Ramadhani akanipumzisha mechi mbili.
Sikumsahihisha. Kifundo changu kilikuwa kibovu.

Babu ndiye aliyelileta,
mwinjilisti wa baiskeli isiyo na breki.
Alilitoa kwenye kijitabu kilichopoteza jalada:
palikuwa na mhubiri, Yohana Husi, nchi ya baridi,
aliyesema msamaha hauuzwi.
Wakamwita kwenye mji mmoja wa ziwani,
njoo tukusikilize,
wakamchoma.
Ilikuwa tarehe sita Julai.
Nami nikazaliwa tarehe sita Julai,
kesho yake Sabasaba,
na babu hakumuuliza mtu.

Mama ndiye aliyeuliza: lina maana gani?
Babu akajibu: linatuhusu.
Basi nikakua nikidhani jina langu ni kitenzi,
lahusu, halihusu,
yanakuhusu nini.

Kidato cha pili akaja Mwalimu Bigirwa, mtu wa Kasulu,
suruali moja, Kiingereza kingi.
Kwa lugha ya kwao mhubiri yule, alisema,
husi ni bata. Bata bukini, yule wa shingo ndefu.
Darasa zima likalia kwaa, kwaa, mpaka kengele.
Kesho yake akaandika ubaoni msemo wa Waingereza,
akaupindua kwa Kiswahili:
bata wako ameshapikwa.
Yaani umekwisha, huna pa kuponea.
Wapo wasemao msemo huo ulizaliwa pale pale, penye kuni za Husi.
Wapo wasemao ni porojo.
Mwalimu mwenyewe alisita, chaki ikamkatikia mkononi.
Mtihani hautauliza ulikotoka, akasema,
akafuta.

Akafuta, lakini mimi nilishaunakili.
Usiku wa tatu wa kukoleza moto wa bani,
majani yakianza kugeuka kahawia huko ndani,
nausikia.
Bei ya tumbaku ikishuka, nausikia.
Kalunde, mimba ya miezi minane, anasema bila kugeuka:
huyu usimpe jina linalonuka moshi.
Namwambia, nyumba nzima inanuka moshi.
Anasema, ndiyo maana.

Na bata bukini mwenyewe sikuwahi kumwona.
Hadi juzi, Ipuli, uani kwa muuza mabati:
mweupe, mchafu miguuni, peke yake.
Nilimsogelea kama ndugu.
Akanyoosha shingo,
akatoa sauti ya pampu ya baiskeli,
akanikimbiza mpaka langoni,
bahasha ikanidondoka, picha zangu ndogo zikatawanyika,
akapanda juu yake, akazikanyaga zote nne
huku akinitazama kwa jicho moja.
Mwenye nyumba akacheka: huyo tumeshindwa kumchinja tangu Krismasi.

Husi, namwambia binti wa kaunta.
Hasi, lakini weka u.
Anauliza, maana yake nini?
Fomu haina nafasi hiyo.
Bata, nasema. Anauma.
Anacheka, anabonyeza, ananigeuzia skrini nihakikishe.
Kaandika Husii, i mbili.
Foleni inakohoa.

Iache hivyo hivyo, dada.
Shingo imerefuka kidogo tu.